Nimekwama kwenye kisanduku cha macho

FundiSaa

Wakuu, salaam. Naombeni msaada wa mawazo kwa jambo lililoninyima usingizi wiki ya tatu sasa.

Nina miaka 58, ni fundi saa. Kazi hii niliianza nikiwa na miaka 19. Nilikuwa na mteja mmoja, mtu mpole, figo zake zote mbili zilikuwa zimeshindwa. Alikuwa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Siku moja akaniletea saa yake nimtobolee mkanda, maana alikuwa ameihamishia mkono wa kulia. Ule wa kushoto madaktari walimuunganishia mishipa ya damu ili sindano zipate pa kuingia, na hakuruhusiwa kuubana hata kwa saa. Akaniambia, "Weka kidole hapa." Nikaweka. Chini ya ngozi kulikuwa na mtetemo usiokatika, kama saa ya ukutani ukiishika mgongoni ikiwa inatembea. Alikuwa kwenye orodha ya kusubiri figo mwaka wa nne. Saa yake iko kwenye droo yangu mpaka leo, mkanda umeshatobolewa. Alifariki akiwa bado anasubiri.

Ndipo nikaamua kujiandikisha niwe mchangiaji wa viungo siku nikifa. Nikafungua fomu usiku, watoto wamelala. Jina, tarehe ya kuzaliwa, kisha orodha ya kuchagua. Figo, nikaweka tiki. Ini, tiki. Moyo, mapafu, kongosho, utumbo mwembamba, tiki. Ngozi, mifupa, vali za moyo, hapo nilipumua kidogo, nikaweka tiki. Nikafika kwenye macho. Mkono ukasimama.

Sielewi kwa nini moyo niliutoa bila kusita na macho yakanishinda. Labda kwa sababu macho ndiyo yaliyonilisha. Miaka 39 nimeinamia meza nikiwa na lenzi jichoni, nikitafuta skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga. Mke wangu alikuwa ameketi pembeni, akaona nimenyamaza, akasogea kusoma. Akaniambia, "Macho yako nitayafumba mimi mwenyewe. Sitaki mtu mwingine ayaguse." Nikajaribu kumweleza kwa lugha ya kazi yangu, kwamba saa iliyokufa hutolewa kipande kikaifufua nyingine. Akaniangalia, akasema, "Mimi sikuolewa na saa ya spea." Akaondoka. Tangu siku hiyo nikiligusa jambo hili anabadilisha mazungumzo, na mimi simlaumu. Nilisema vibaya.

Maswali yangu ni haya. Naweza kutoa vingine nikabakiza macho, au nitakuwa nimeharibu? Nina kisukari mwaka wa sita na bila miwani sisomi gazeti, je, bado nafaa? Nikishajiandikisha, mke wangu akikataa siku hiyo, nani anasikilizwa? Na la mwisho, samahani kama ni la kijinga: nikilazwa mahututi, daktari akaona jina langu liko kwenye daftari la wachangiaji, hataniharakisha?

Nawaomba wenye kujua, au waliopitia, wanijibu.

ZamuYaUsiku

Shikamoo mzee wangu. Mimi ni muuguzi, mwaka wa kumi na moja sasa kwenye wodi ya wagonjwa mahututi. Swali lako la mwisho si la kijinga hata kidogo. Ndilo linalowafanya watu wengi waache fomu katikati, kwa hiyo naanza nalo.

Mgonjwa akiletwa kwetu usiku wa manane hatumtafuti kwenye daftari lolote. Tunapigania apone. Habari ya kuchangia huingia pale tu matibabu yameshindwa na hakuna njia nyingine, na watu wa upandikizaji ni timu tofauti kabisa. Daktari anayethibitisha kifo hawezi kuwa mmoja wa watakaovitoa au kuvipandikiza viungo. Huo ni msingi wa kazi hii, si hisani ya hospitali fulani.

Halafu watu wanachanganya kupoteza fahamu na kifo cha ubongo. Aliyepoteza fahamu ubongo wake unafanya kazi, hata kama ni kidogo, na wengine huamka. Kifo cha ubongo ni kifo. Nimesimama kando ya kitanda vipimo hivyo vikifanyika, nakueleza nilichokiona. Kwanza wanahakikisha hakuna dawa ya usingizi iliyobaki mwilini na mwili haujapoa kupita kiasi, maana hayo mawili yanaweza kumfanya mtu aonekane amekufa naye yu hai. Kisha tochi kwenye mboni. Ncha ya pamba inaguswa kwenye jicho kuona kama atapepesa. Maji ya barafu sikioni. Mrija mwembamba unashushwa kwenye njia ya hewa kuona kama atakohoa. Mwisho wanaitenganisha mashine ya kupumulia, oksijeni ikiendelea kuingia kwa mrija, na sote tunakitazama kifua. Dakika nane, dakika kumi. Kaboni dioksidi inapanda kwenye damu, na ubongo wenye uhai hata chembe ungelazimisha pumzi. Hakuna anayezungumza wakati huo. Kifua kisipopanda, ameshaondoka, ingawa moyo bado unadunda, kwa sababu moyo una umeme wake wenyewe na mashine ilikuwa inauletea oksijeni.

Kisukari hakikutoi. Miwani haikutoi. Hata mwenye mtoto wa jicho anaweza kutoa konea, kwa sababu mtoto wa jicho hukaa kwenye lenzi, na konea ni ile ngozi angavu ya mbele. Saratani nyingi pia hazizuii konea, isipokuwa za damu na chache nyingine. Wewe usijihukumu mapema. Anayeamua ni daktari siku hiyo, baada ya kupima damu kwa Virusi vya UKIMWI, homa ya ini na mengineyo, na kuangalia kila kiungo peke yake.

Sasa macho. Ndiyo, unaweza kubakiza macho, na hakuna atakayekuuliza sababu. Orodha imewekwa ili uchague. Lakini kuna jambo nataka ulijue kabla hujaamua. Ili moyo, ini au figo zitumike, karibu kila mara mtu lazima afie hospitalini, tena akiwa kwenye mashine. Uingereza, wanaotunza hesabu hizi vizuri, wanasema ni takriban mtu 1 kati ya 100 wanaofariki ndiye anayefariki katika hali hiyo. Wengine wote sisi tutaondoka kwa njia ambayo figo haziwezi kuokolewa, hata tukiwa tumejiandikisha mara kumi. Konea, ambayo ndiyo hasa inayotafutwa kwenye macho, ni habari nyingine. Haina mishipa ya damu. Inapata oksijeni kutoka hewani kupitia machozi, kwa hiyo moyo ukisimama yenyewe haifi papo hapo. Aliyefia usingizini nyumbani, aliyefia wodi ya kawaida, mzee wa miaka 70, wengi wao wanaweza kutoa konea zikichukuliwa ndani ya saa 24. Ikihifadhiwa kwenye maji yake maalumu na ubaridi, inakaa hadi siku 14. Moyo ukishatolewa una saa 4 hadi 6 tu.

Kwa hiyo mzee, visanduku vyote ulivyoweka tiki bila kusita huenda visitumike kamwe. Hicho kimoja kilichokusimamisha ndicho chenye nafasi kubwa ya kumfikia mtu.

Kuhusu mkeo. Nchi nyingi sheria inatambua sahihi yako, lakini kwa vitendo madaktari hawavitoi familia ikikataa. Hispania tangu 1979 sheria yao inamhesabu kila mtu kuwa mchangiaji mpaka awe amekataa, na bado familia huulizwa kila mara. Wao wameongoza dunia miaka mingi, na siri yao kubwa ni watu waliofunzwa kuketi na familia, sheria ni sehemu ndogo. Ukimwacha mama bila jibu, siku hiyo ataulizwa yeye, akiwa ndiyo kwanza amefiwa. Nimewaona wake na waume wakiulizwa hivyo. Wanageuka kutazamana na ndugu, wanauliza, "Yeye alisema nini?" na hakuna anayejua. Wengi wanaosema hapana, wanaisema kwa sababu hiyo tu.

Na usiandike kwenye wosia peke yake. Wosia husomwa mazishi yakiwa yamekwisha.

Msomaji_Kimya

Mimi natoa tahadhari. Viungo ni biashara kubwa duniani, watu wanauziwa figo. Unawapa watu orodha ya mwili wako kwa hiari yako?

ZamuYaUsiku

Biashara hiyo ipo, ndugu yangu, na inaniumiza. Wataalamu wa upandikizaji walikutana mwaka 2008 wakatoa Azimio la Istanbul kuipinga, na karibu kila nchi inaikataza kwa sheria. Lakini walanguzi wanawinda masikini walio hai wenye shida ya fedha, hawahitaji daftari la watakaokufa kesho na keshokutwa. Kiungo cha marehemu hakifichiki mfukoni: lazima kundi la damu lilingane, chumba cha upasuaji kiwe tayari, watu kadhaa watie sahihi, na saa zinahesabiwa.

Alama moja ya kukusaidia: daftari halali halikuombi fedha wala namba ya akaunti ya benki, na haliahidi kukulipa wewe wala familia yako. Ukikutana na ukurasa unaouliza hayo, funga. Na ukishajiandikisha unaweza kujiondoa siku yoyote bila kutoa maelezo.

Mwalimu_H

Kaka FundiSaa, mimi ninaandika haya nikiyasoma kwa konea ya mtu mwingine.

Nilipokuwa na miaka 17 nilianza kuona taa moja kama taa tano. Konea zangu zilikuwa zinakonda na kuchongoka kwa mbele kama koni. Miwani ikashindwa, nikavaa lenzi ngumu zilizokuwa zinanikwaruza kutwa, nikafundisha miaka sita nikitambua wanafunzi kwa sauti. Nikiwa na miaka 29 nikapandikizwa jicho la kulia.

Nikuambie kinachofanyika, kwa sababu wewe ni mtu wa vitu vidogo utaelewa kuliko wengi. Daktari alikata duara la katikati la konea yangu mbovu, takriban milimita 8, akaweka duara kama hilo kutoka kwa marehemu, akalishona pembeni. Unene wa konea ni kama nusu milimita. Uzi ni mwembamba kuliko unywele. Alinionyesha picha kwenye skrini na nikahesabu mishono 16, imezunguka jicho kama alama kwenye uso wa saa. Ilikaa zaidi ya mwaka ndipo ikaanza kutolewa mmoja mmoja. Dawa ya matone nilitia kila siku kwa miezi mingi ili mwili usiikatae. Kwa kuwa konea haina mishipa ya damu, kinga ya mwili haiifikii kirahisi, na ndiyo maana hunywi vidonge vya maisha kama aliyepandikizwa figo.

Kuona hakukurudi siku moja. Kulikuja kwa vipande. Asubuhi moja, wiki ya tano au ya sita, niliamka nikiwa nimelalia ubavu na nikaona uzi wa mshono kwenye ukingo wa foronya. Uzi wenyewe, ukiingia na kutoka kwenye kitambaa. Nilibaki nimelala pale naufuata kwa jicho mpaka mwisho wa mto.

Mwambie mkeo hili kwa heshima zote, kutoka kwa mwanamke mwenzake: rangi ya jicho haihamii kwa mtu. Konea ni kama kile kioo cha juu cha saa, haina rangi. Mboni ni yangu, rangi ni yangu, na ninachokikumbuka ni changu. Jicho zima lilipandikizwa kwa mtu mara ya kwanza mwaka 2023 huko New York, na halikurudisha kuona. Hakuna mtu atakayetembea duniani akimwangalia kwa macho yako.

Wala si jambo jipya la kujaribiwa. Konea ya kwanza iliyofanikiwa ilipandikizwa Desemba 1905 na daktari Eduard Zirm, mjini Olomouc, katika nchi ya Ucheki ya leo, kwa kibarua aliyeunguzwa macho na chokaa. Jicho moja lilishindikana, la pili likaona. Kutoka siku hiyo mpaka figo ya kwanza iliyofanikiwa, ile ya Boston ya 1954, kulipita karibu nusu karne. Macho yalitangulia. Na bado utafiti uliochapishwa 2016 ulikuta kwamba kwa konea 1 inayopatikana duniani, wapo wanaoihitaji 70.

Aliyenipa simjui. Niliambiwa tu alikuwa mwanamke wa miaka 63. Niliandika barua ya shukrani bila jina langu, ikapitia benki ya macho, yaani kituo kinachopokea na kuhifadhi konea. Familia haikujibu na sikutarajia wajibu. Ila namwombea kila nikitia matone.

BintiYake

Pole sana kwa mteja wako, mzee wangu. Mimi niko upande wa tatu wa jambo hili, upande wa waliopigiwa simu.

Baba yangu alikuwa na miaka 71. Alifia wodi ya kawaida, moyo ulisimama alfajiri. Hakuwa amejiandikisha popote. Tulikuwa ukumbini, mimi, dada yangu na baba mdogo, tukisubiri karatasi, akaja mtu kutuuliza kama tungekubali kutoa konea zake. Alituuliza tukiwa tumesimama, watu wanapita na machela, mtu mmoja akatuomba tusogee. Jina la hospitali silitaji, lakini mpaka leo nikikumbuka namna tulivyoulizwa nakasirika. Jambo kama lile linahitaji kiti na mlango unaofungwa.

Dada akasema hapana kabla hajamaliza kuuliza. Mimi nilibaki kimya kwa sababu nilikumbuka asubuhi moja, baba ananyoa ndevu, redio inazungumzia upandikizaji, akasema kwenye povu, "Mimi nikifa wachukue chochote kinachofaa." Sentensi moja. Wala hakugeuka. Nikaisema pale ukumbini, na dada akaanza kulia, akasema, "Kama alisema mwenyewe, basi." Ndiyo maana namuunga mkono muuguzi. Fomu yako ni nzuri, lakini sentensi aliyoisikia mtu wa nyumbani kwako ndiyo iliyofanya kazi kwetu.

Baba mdogo alipinga kwa hoja ya dini. Hatukubishana naye, tulimpigia sheikh anayemheshimu. Yule sheikh akamweleza kwamba wanazuoni wa baraza la fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, waliokutana Jeddah mwaka 1988 waliruhusu kutoa kiungo cha maiti kwa ajili ya aliye hai anayekitegemea kwa uhai wake au kwa kazi ya msingi ya mwili wake, kwa sharti marehemu aliridhia au warithi wameridhia. Baba mdogo akanyamaza, kisha akauliza, "Warithi si ni nyinyi?" Tukakubali. (Rafiki yangu Mkatoliki aliniambia baadaye kwamba Papa Yohane Paulo II naye, mwaka 2000 huko Roma, aliwaambia madaktari wa upandikizaji kwamba kutoa kiungo ni tendo la upendo.)

Ninachotaka mkeo akijue ni baba alionekanaje. Niliogopa hilo kuliko yote. Mimi ndiye niliyemwona uso baada ya kazi, na niliutafuta uso wake kwa makusudi, nikitafuta tofauti. Kope zilikuwa zimefumbwa, duara la jicho liko vilevile chini ya kope, hakuna damu, hakuna jeraha. Wanaweka kifuniko laini chenye umbo la jicho ili kope zisibonyee. Ilichukua chini ya saa moja na mazishi hayakuchelewa. Miezi miwili baadaye tukapata barua fupi: konea mbili, watu wawili. Dada ndiye anayeitunza.

Jambo la mwisho. Nimesoma baadaye kuhusu moyo wa kwanza kupandikizwa, Cape Town, Desemba 1967. Kila mtu anamtaja Christiaan Barnard, daktari aliyeupandikiza. Mimi namfikiria Edward Darvall, baba wa msichana aliyetolewa moyo. Mkewe alikuwa amekufa katika ajali ileile, binti yake Denise amelala pale hana matumaini, na watu wanamwomba jibu. Alikubali. Moyo ukaenda kwa Louis Washkansky, aliyeishi siku 18, na figo moja ikaenda kwa mtoto wa miaka 10. Nikisoma habari ile sioni upasuaji. Namwona yule mzee peke yake na lile swali, na sitaki mama wa nyumbani kwako aachwe nalo hivyo.

FundiSaa

Marahaba mwanangu ZamuYaUsiku. Na nyote, nimesoma mara tatu, nashukuru sana. Sikujua kabisa kwamba kile kisanduku ndicho kinachotumika zaidi. Nilidhani natoa vikubwa na kubakiza kidogo, kumbe ni kinyume.

Nina swali moja tu limebaki, na ni la mke wangu zaidi kuliko langu. Aliposema atayafumba macho yangu mwenyewe, halikuwa neno la hasira. Alimfumba mama yake hivyo, na kaka yake. Kwake ndiyo namna ya kumuaga mtu. Nikikubali kutoa konea, nitakuwa nimemnyang'anya hilo? Watakuja watu wenye glavu wamsogeze pembeni?

ZamuYaUsiku

Mzee, nimefurahi umeuliza, kwa sababu watu hawajui, na jibu lake ni zuri.

Kumfumba macho ndicho kitu cha kwanza kinachotakiwa. Konea ikiachwa wazi inakauka na kuharibika haraka. Kwa hiyo mtu anapofia nyumbani, kabla benki ya macho haijafika, kazi ya kwanza ni ya aliye karibu naye: amfumbe kope zote mbili taratibu, aweke pamba yenye unyevu juu ya kope, ainue kichwa kwa mto ili damu isijae usoni, na azime feni kama inampulizia. Kisha apige simu mapema, maana saa 24 ni mwisho, si kipimo cha kungojea. Akifanya hivyo yeye, konea zinapona. Asipofanya, hata timu ikija mbio huenda ikakuta zimekauka.

Timu ikifika haimfukuzi mtu kwa haraka. Wanajitambulisha, wanaomba sahihi ya familia, wanachukua damu kidogo ya kupima. Mkeo anaweza kumaliza kuagana nawe kwanza. Na wakimaliza, wanakurudisha kwake ukiwa umefumbwa kama alivyokuacha.

Hajanyang'anywa. Yeye ndiye anayeanza.

FundiSaa

Nilisubiri siku nne kabla ya kurudi hapa.

Sikumweleza kwa maneno yangu, niliogopa kuharibu tena. Nilimpa simu asome majibu yenu mwenyewe. Alisoma la Mwalimu kwanza, akarudia pale pa foronya. La BintiYake alilisoma akiwa amenigeuzia mgongo. Hili la mwisho alilisoma kwa sauti, polepole, kisha akaiweka simu mezani akaenda kulala bila neno.

Leo asubuhi niko mezani kwangu, lenzi jichoni, nimefungua saa ya mtu, akaja akasimama nyuma yangu. Ameuliza, "Hiyo pamba inaloweshwa kwa maji ya kawaida, au ya chumvi?"

Sikugeuka, nisije nikamkatisha. Nilimwambia sijui, nitauliza. Fomu bado sijaimaliza, nataka tuimalize wote wawili. Mwanangu muuguzi, anasubiri jibu.

ZamuYaUsiku

Mwambie maji safi yanatosha, mzee. Aikamue pamba isichuruzike, iwe na unyevu tu.